Anayekesha na mgonjwa, naye alale lini?

(Maelezo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni mjini Kigoma)

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tungezungumzia bei ya dagaa na uhaba wa barafu kwenye mialo yetu. Naomba radhi. Mazungumzo hayo yatakuja, maana matatizo ya dagaa hayana haraka ya kwisha. Leo nataka kuzungumzia jambo lililotokea nyumbani kwangu hapa Rusimbi, jambo ambalo nimelikalia kimya kwa miezi kadhaa kwa sababu ya aibu. Nimeamua kulisema kwa kuwa kila ninapolidokeza kwa mtu, mtu huyo hunivuta pembeni akanieleza la kwake.

Mama yangu mzazi ana kisukari cha miaka mingi. Mwaka jana akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakapotea, yakabaki mawili matatu ambayo sisi watoto wake tu ndio tunayaelewa. Alilazwa, akatibiwa, akaruhusiwa. Tukarudi naye nyumbani tukiwa na mfuko wa dawa, sindano za insulini za asubuhi na jioni, na maagizo. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili ngozi ya mgongo na nyonga isioze. Alishwe akiwa amekaa, kijiko kidogo kidogo, maana koo la mwenye kiharusi huweza kupitisha uji njia ya pumzi. Apimwe sukari. Asiachwe peke yake.

Hebu piga hesabu pamoja nami. Toka saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa tisa. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ni mara nne au tano. Ongeza kumbadilisha nguo, ongeza kiu ya mwenye kisukari, ongeza kuweweseka kwa mzee ambaye hajui kama ni usiku au mchana. Katika usiku kama huo hakuna kipande kizima ambacho mtu anaweza kusema hiki ndicho changu cha kulala.

Aliyeubeba usiku huo ni dada yangu. Alikuja kutoka Kasulu, akaacha maharage yake shambani, akasema amekuja kwa majuma mawili. Majuma mawili yakawa saba. Alikuwa analala kwenye mkeka pembeni ya kitanda cha mama, ukiweza kuita kule kulala. Na mimi je? Mimi nilikuwa mkuu wa kaya. Nilinunua dawa, nilitoa nauli, na jioni nilichungulia chumbani nikauliza, "Mama anaendeleaje?" Wanaume wa huku tunauguza kwa mfuko. Tukishatoa fedha tunaona tumeuguza.

Sasa nije kwenye aibu yenyewe. Ilikuwa siku ya Alhamisi. Niliamka saa tisa usiku ili niwahi taarifa ya habari ya asubuhi, nikashinda kazini, nikarejea nyumbani saa mbili usiku. Nilimkuta dada amekaa sakafuni, kichwa amekilaza kwenye ukingo wa kitanda, amelala fofofo. Juu ya meza ndogo palikuwa na chupa ya insulini na bomba la sindano. Nikamwonea huruma. Nikajisemea, maskini, amepitiwa kabla hajamchoma mama sindano ya jioni. Sikutaka kumwamsha. Nikavuta dawa, nikamchoma mama mwenyewe, nikamfunika dada shuka, nikatoka kwa kunyata. Nilijiona mtu mwema sana usiku ule.

Dada alikuwa ameshamchoma tangu saa kumi na mbili na nusu.

Saa tano usiku nilisikia dada anapiga kelele. Mama alikuwa amelowa jasho jembamba, mwili baridi, mkono ule mzima unatetemeka, macho yamefunguka lakini hayamwoni mtu. Tukamkimbilia jirani yetu, mama mmoja aliyestaafu uuguzi. Alipoingia hakushika mapigo ya moyo, hakuuliza mgonjwa amekula nini. Aliuliza, "Amechomwa sindano saa ngapi, na nani?" Dada na mimi tukajibu kwa pamoja: "Mimi." Tukatazamana.

Yule mama akamlaza mama ubavu. Akaagiza sukari, akailowesha kwa matone ya maji mpaka ikawa kama ugali laini, akawa anampaka kidogo kidogo ndani ya shavu. Nilikuwa nimeleta kikombe cha soda, akanikataza. Mtu asiyeweza kumeza hamiminiwi kitu kinywani, atakufa kwa kupaliwa kabla hajafa kwa kupungukiwa sukari. Bajaji ikaja, tukaenda hospitali, akawekewa maji ya sukari kwenye mshipa. Kulipokaribia kucha akafumbua macho akatutazama, akalitamka mojawapo ya yale maneno yake.

Tukiwa pale nje kwenye benchi, yule muuguzi mstaafu aliniambia, "Mwanangu, mama yako hajaumizwa na sindano. Ameumizwa na usingizi wenu." Kisha akamgeukia dada: "Na wewe mwanangu, mara ya mwisho kulala usiku mzima ni lini?" Dada alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Hakukumbuka.

Ndugu msikilizaji, mimi ni mtu wa kusoma. Baada ya siku zile nilianza kutafuta nini hasa humpata mtu asiyelala. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, waliwapima watu waliokaa macho muda mrefu, wakawapima pia watu hao wakiwa wamelewa. Waligundua kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi ya mikono na akili kwa kiwango kile kile cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi dereva akikutwa nacho hushushwa kwenye gari. Akifikisha saa 24 ni mara mbili ya hapo. Nikarudi kwenye hesabu yangu. Toka saa tisa usiku nilipoamka hadi saa mbili usiku nilipoishika ile sindano ni saa 17 kamili. Sijapata kuonja pombe maishani mwangu, lakini usiku ule nilimchoma mama yangu nikiwa katika hali ya mlevi. Na dada, ambaye alikuwa na majuma saba ya namna hiyo, ndiye tuliyemwachia koo, ngozi na sukari ya mama.

Lakini hebu sikiliza jinsi tunavyosema. "Yule binti ana moyo, hajafumba jicho wiki nzima." Tunasema kwa kusifu. Ingekuwa ni dereva wa basi la Kigoma hadi Dar es Salaam hajafumba jicho wiki nzima, tungeshuka sote tukaenda polisi.

Kuna jambo jingine linaniudhi zaidi. Sisi ni watu wa kukesha. Mtu akifariki hapa kwetu, iwe Ujiji, Mwanga au Gungu, uwanja unajaa. Watu arobaini, hamsini, wanalala kwenye mikeka siku tatu, kahawa inapita, na hakuna anayeona ni taabu. Lakini marehemu huyo huyo alipokuwa kitandani miezi sita, anahitaji kugeuzwe saa nane za usiku, alikuwa na mtu mmoja. Wengine tulikwenda saa kumi jioni na mfuko wa machungwa, tukakaa robo saa, tukasema Mungu atamjalia, tukaondoka. Tunakesha na maiti ambaye hana haja nasi, na mgonjwa tunamwachia binti mmoja.

Ile habari ya mabaharia mnaijua. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Kwa miaka mingi iliyosafiri toka hapa mpaka Mpulungu, Zambia, hakuna aliyewahi kutegemea kwamba mtu mmoja ashike usukani njia nzima ati kwa sababu anaipenda meli kuliko wenzake. Mabaharia hugawa usiku kwa zamu. Anayemaliza anakwenda kulala, na kulala kwake ni sehemu ya kazi yake.

Na kama mtasema meli ni mambo ya Wazungu, basi tazameni karibu na Ziwa Eyasi, kwa ndugu zetu Wahadzabe ambao baadhi yao hadi leo wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwaka 2017 kundi la watafiti, akiwamo mtaalamu wetu wa mambo ya kale Audax Mabulla, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa usingizi wa Wahadzabe 33, waliovaa kifaa kidogo mkononi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, jumla ya muda ambao watu wote 33 walikuwa wamelala kwa wakati mmoja ilikuwa dakika 18 tu! Nyakati nyingine zote kulikuwa na mtu aliye macho, au anayesinzia kidogo. Na hakuna aliyewapangia zamu. Wazee hulala mapema na kuamka mapema, vijana huchelewa kulala na kuchelewa kuamka, na kwa tofauti hiyo kambi nzima inalindwa usiku kucha.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Zamu ilikuwa tayari nyumbani kwangu siku zote, ila sikuiona. Mpwa wangu, mtoto wa huyo huyo dada, amemaliza kidato cha sita, na kila siku nilikuwa namgombeza kwa kukaa na simu mpaka saa saba usiku. Mama mdogo wangu, ambaye anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, huamka saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu, anaswali, kisha anakaa na tasbihi akisubiri kupambazuke. Watu wawili walio macho bure, na kati yao mwanamke mmoja anayekufa kwa usingizi!

Basi tukagawa. Toka saa tatu hadi saa saba usiku ni mpwa wangu pamoja na simu yake. Saa saba hadi saa kumi tunapokezana mke wangu na mimi, na siku ninazosoma taarifa ya asubuhi, hiyo ni ya mke wangu. Saa kumi na kuendelea ni mama mdogo. Dada akahamia chumba kingine, mlango umefungwa, chandarua kimeshushwa.

Usidhani ilikuwa rahisi. Dada alilia. Aliniambia, "Kaka, mnanifukuza kwa mama kwa sababu ya ile sindano?" Wala hakuwa amekosea yeye! Ilinibidi niite kikao cha ukoo kwa jambo hili la mtu kulala. Kijana naye alinijia juu: "Mjomba, mimi ni mwanamume, nitambadilishaje bibi nguo?" Mama mdogo akamjibu kabla yangu, kwamba huyo bibi alimbadilisha yeye nguo miaka miwili na hakuuliza swali. Hata hivyo tulipatana kwamba mambo ya sitara yafanywe na wanawake kabla ya saa tatu na baada ya saa kumi, na pakiwa na dharura amwamshe mke wangu. Usiku wa kwanza dada aliamka mara tatu akaja kusimama mlangoni. Usiku wa nne alilala hadi saa nne asubuhi, tukaogopa, tukaenda kutazama kama anapumua.

Kitu cha pili ni daftari. Daftari la kawaida la shule, limewekwa mezani pa mama, kalamu imefungwa kwa uzi ili watoto wasiichukue. Kila anayefanya jambo anaandika saa, alichofanya, na jina lake. Saa moja jioni, insulini, yuniti kadhaa, fulani. Saa tano, amegeuzwe ubavu wa kushoto, fulani. Anayeingia zamu halali mwenzake mpaka wamesomeana. Wauguzi wa hospitali hufanya hivi kila siku, na wala si kwa sababu hawaaminiani, ila wanajua kwamba kichwa cha saa nane za usiku hakiaminiki. Tulikubaliana kwamba kisichoandikwa hakijafanyika, na mwenye shaka juu ya sindano asichome, aulize, hata kama ni kumwamsha mtu aliyechoka. Ile huruma yangu ya kutomwamsha dada ilitaka kumwua mama.

Najua kuna msikilizaji anayeniambia, wewe una mpwa na mama mdogo, mimi niko na mume wangu mgonjwa na watoto wawili wadogo. Kweli. Kwako siwezi kugawa watu ambao hawapo. Ninaweza tu kuwageukia wale wanaokuja kwako na machungwa. Ndugu zangu wa jumuiya, wa msikitini, wa upatu, wa kikundi cha kuzikana: mkienda kumwona mgonjwa juma hili, ombeni usiku mmoja. Semeni, "Dada, Ijumaa nitakuja na shuka langu, wewe ulale." Kama usiku ni mzito, ombeni mchana wa saa tatu. Na wewe unayeuguza, ukiombwa, usiseme hapana, tunaweza. Adabu hiyo inatumaliza.

Sasa kuna sehemu ya pili, na hapa nitakuwa mfupi kidogo maana muda unakwenda. Unadhani baada ya zamu kupangwa nililala? Wapi! Nikilala kitandani saa tatu, sikio linabaki macho. Mbu akilia nadhani ni mama. Paka akiruka batini, nimekaa. Saa tano, saa sita, sijapata hata lepe. Mwili ulikuwa umejifunza kwamba kitanda ni mahali pa kungoja habari mbaya.

Nikafanya kosa la pili. Nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge vya usingizi pasipo cheti, vya ukoo ule ule wa diazepamu, dawa iliyoingia sokoni mwaka 1963. Nililala kama gogo. Usiku wa tatu ulikuwa wa zamu yangu, mama aligonga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima, akagonga, akagonga, na mimi niko kwenye kiti hatua mbili kutoka kwake, sisikii. Aliyesikia ni mke wangu kutoka chumba cha pili. Asubuhi nilisoma habari za Kibondo nikazipeleka Uvinza, wasikilizaji wakapiga simu. Vidonge hivi si vya kuchezea. Vina mahali pake, daktari akikupa kwa siku chache. Lakini kwa mtu anayengojewa na mgonjwa ni hatari, kwa wazee huleta kuanguka, na aliyevitumia muda mrefu asiviache ghafla bila kuonana na daktari, kwa sababu mwili huweza kupata misukosuko mikubwa.

Daktari niliyemwendea hakuniandikia kidonge. Aliniuliza nakunywa kahawa saa ngapi. Nikamwambia ukweli, kwamba baada ya swala ya isha nakaa barazani na wenzangu, vikombe vitatu, vinne, kahawa ya Kalinzi, ile chungu yenyewe. Akaniambia kwamba kwa watu wengi nusu ya nguvu ya kahawa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kwa hiyo kahawa ya saa mbili usiku, saa saba nusu yake ingali inakukodolea macho. Nimehamishia kahawa yangu asubuhi. Baraza bado naenda, nakunywa maji ya tangawizi, na wenzangu wamenipa jina ambalo sitalitaja hapa.

Jambo la pili alilonifundisha lilinishangaza. Alisema, ukikosa usingizi usibaki kitandani kupambana nao. Ondoka. Kaa kwenye kiti, taa hafifu, fanya jambo lisilo na maana, usitazame saa wala simu. Ukisinzia ndipo urudi. Ukikosa tena, ondoka tena. Na asubuhi amka saa ile ile, hata kama umelala kidogo. Polepole mwili utajifunza upya kwamba kitanda ni cha kulala. Njia hii ilielezwa na mwanasaikolojia wa Marekani Richard Bootzin mwaka 1972, na mwaka 2016 jumuiya ya madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani ilishauri kwamba tiba ya namna hii, ya kubadili mazoea na mawazo, ndiyo ianze kabla ya vidonge kwa mtu mzima aliyekosa usingizi muda mrefu. Kwangu juma la kwanza lilikuwa baya kuliko lililotangulia, nasema kweli. La tatu nikaanza kulala. Usiku wa zamu ni usiku wa zamu, huo haurekebishiki, na kwa ajili yake daktari aliniruhusu nusu saa ya kulala mchana, kabla ya saa tisa alasiri.

Nikumbushe pia kwamba anayekesha huwa nje ya chandarua. Mgonjwa tumemfunika, sisi tumekaa kwenye kigoda na miguu wazi, saa zile zile ambazo mbu wa malaria anatafuta chakula. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 mkoa wetu wa Kigoma ulikuwa na malaria kwa watoto wadogo asilimia 24 wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Vaa suruali ndefu na soksi. Chandarua cha mgonjwa kikiwa kipana, ingia ndani yake.

Na si kila kukosa usingizi ni mawazo. Anayekoroma kwa nguvu kisha akanyamaza kama amekata roho, akashtuka, huyo apelekwe hospitali. Anayeamka mara tano kukojoa apimwe sukari, na akiwa mzee wa kiume apimwe tezi. Mkoa huu pia una historia ya malale. Wajerumani waliweka kambi za kutibu ugonjwa huo kandokando ya ziwa letu, na Waingereza katika miaka ya 1930 waliwahamisha watu wa Uha na kuwakusanya pamoja kwa ajili yake. Ugonjwa huo hugeuza usiku kuwa mchana, mtu anasinzia jua kali na usiku anahangaika. Kama mrina asali au mwindaji wako amerudi kutoka misitu ya Moyowosi na homa isiyosikia dawa ya malaria, mwambieni daktari alikotoka. Usinyamaze ukadhani ni uchovu.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niache habari ya dagaa. Katika yale majuma saba, jioni moja dada alikuwa anafua mashuka ya mama uani. Nilipita, nikamwuliza hali. Akasema, "Kaka, natamani nilale nisiamke." Nikacheka. Nikamwambia, hata mimi, kazi ni nyingi. Nikaingia ndani.

Baadaye sana, baada ya usiku wa sindano, baada ya kulala kwake kwingi, nilimwuliza alikuwa na maana gani siku ile. Alinyamaza muda mrefu. Akaniambia hakuwa anatania, na kwamba alikuwa ameshafikiria ziwa. Tulikwenda wote wawili kwa daktari. Watu wetu wakisikia daktari wa mawazo wanataja Mirembe, Dodoma, na kucheka. Dada hakupelekwa Dodoma. Alizungumza na mtu anayejua kusikiliza, mara kadhaa, akapewa dawa, anaendelea nayo. Amerudi Kasulu mwezi uliopita kupanda maharage. Anapiga simu kila jioni, na kabla ya kumwulizia mama ananiuliza mimi, "Kaka, jana ulilala?" Nami namwuliza vivyo hivyo.

Mama yupo. Mkono wa kulia haujarudi, lakini neno la nne limepatikana, nalo ni jina la mpwa wangu, kwa sababu ndiye anayemwonyesha picha za kwenye simu saa sita za usiku. Kijana anaondoka kwenda chuo muda si mrefu, na ile saa tatu hadi saa saba itabaki wazi. Jirani yetu mvuvi wa Kibirizi, ambaye siku za mbalamwezi haendi ziwani kwa kuwa taa hazivuti dagaa, amesema siku hizo yeye yuko macho kwa mazoea, tumhesabu. Zinazobaki bado tunazitafutia mtu.

Leo ni zamu yangu, na inaanza saa saba. Ndugu msikilizaji, naomba unipe ruhusa nikalale kabla ya hapo. Habari ya dagaa ni juma lijalo, Mungu akipenda.